UZI: Kabla ya kununua kisu kingine cha jikoni, nunua jiwe la kunolea

Mpishi_Himbi (Goma)

Jambo wote. Kwenye ule uzi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu, watu wengi waliniuliza natumia kisu gani, na kila mtu nikamjibu kivyake mpaka maneno yakatawanyika. Basi nayaweka yote hapa. Mimi napikia harusi na matanga hapa Goma, na visu nimeshika vya kila aina: vya soko la Birere, vya kuvukishwa mpaka kutoka Gisenyi, Rwanda, na vile ambavyo shemeji huleta kutoka Ubelgiji ndani ya sanduku.

Naanza na lililo kubwa. Nikiingia kwenye jikoni za watu nakuta visu vitano, sita, vyote butu, na mama mwenye nyumba anakata nyama kwa kuisokota mpaka ikatike yenyewe. Vingi kati ya visu hivyo ni vizima kabisa, ila hakuna anayevinoa. Pesa ya kisu cha saba ingetosha kununua jiwe la kunolea lenye pande mbili, na jiwe hilo lingetumikia nyumba nzima miaka na miaka.

Sisi wa Goma tuna tabia moja inayoua visu: kunoa kwenye jiwe la volkeno. Liko kila mahali, ukuta umejengwa nalo, ngazi, uzio, kwa hiyo mkono unalifuata bila kufikiri. Lakini litazame kwa karibu. Lava ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji Januari 2002 ilipoa ikiwa bado na gesi ndani, ndiyo maana jiwe lake lina matundu kila upande. Kila tundu lina mdomo mkali, na kila ukipitisha kisu, mdomo huo unang'oa kipande kidogo cha chuma. Ukimaliza, kisu kinakwaruza nyanya vizuri na unaamini kimenoleka. Kumbe umekipa meno yasiyo sawa: yatakata leo, keshokutwa yamelala, na wewe unarudi ukutani. Baada ya mwaka ubapa umeliwa mpaka kisu kina tumbo. Ngazi ya saruji inafanya vilevile.

Sasa kama kweli huna kisu na unataka kununua, nenda sokoni na sumaku. Ile ya spika ya redio iliyokufa inatosha. Chuma cha vijiko na sufuria nzuri, kile kinachoandikwa 18/10, kina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10. Hakishiki kutu kirahisi, lakini pia hakikubali kugumishwa kwa moto, na sumaku haikivuti au inakivuta kwa unyonge. Kisu cha chuma hicho hakitakaa makali hata unoe usiku kucha. Chuma cha kisu cha kweli kinavutwa na sumaku kwa nguvu. Kuna vibaya pia vinavyovutwa, kwa hiyo sumaku haikuchagulii kizuri, ila inakuonyesha kipi uache mezani kwa muuzaji.

Muhuri wa INOX (inoksi, chuma kisichoshika kutu kirahisi) nao usikutulize moyo. Unasema kromiamu iko ya kutosha, kuanzia kama asilimia 10.5, ili kutu isikile haraka. Hausemi kitu juu ya kaboni, na kaboni ndiyo inayogumisha makali. Mtu anayehesabiwa kuwa mwanzo wa chuma hiki kwenye visu ni Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, na kwa muda mrefu watu walilalamika kwamba visu vya inoksi havishikwi na kutu lakini havikati. Wajerumani wa Solingen, mji wa visu, wanatumia sana mchanganyiko unaoandikwa X50CrMoV15: kaboni kama nusu ya asilimia moja, kromiamu kama asilimia 15. Kisu chenye chuma hicho kinatosha kupikia maisha yote. Ila jina Solingen lenyewe, ingawa Ujerumani linalindwa kisheria tangu 1938, kwenye masoko yetu linagongwa hata kwenye bati. Amini sumaku na macho yako kabla ya maandishi.

Kwa macho: kishike usawa wa jicho, ufuate makali kutoka mpinini hadi nchani. Kama kimepinda, rudisha. Tazama kutoka juu: mgongo uwe na unene wa kama milimita 2, na ubapa uzidi kuwa mwembamba ukishuka. Visu vingi vya bei rahisi ni bati lenye unene mmoja toka juu hadi chini, na vile haviingii kwenye karoti, vinaipasua. Halafu tazama mkia, ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini. Ukiona mpini wa plastiki umepachikwa tu na unacheza ukiutikisa, maji ya sahani yatamaliza kazi.

Viwili vinatosha nyumba: kimoja kikubwa cha sentimita 18 hadi 20, kimoja kidogo cha 8 hadi 10. Kama mnakula mikate mingi ongeza cha msumeno. Mifupa ni kazi ya panga au shoka, isiguse hivyo viwili.

Ulizeni, nitajibu jioni nikitoka kazini.

Yaya_Kadutu (Bukavu)

Aksanti dada. Lakini umeandika kama sisi wote tunakata juu ya ubao. Njoo Kadutu uone mama wauza mboga. Kifundo cha lengalenga (mchicha) mama anakikaza kwenye mkono wa kushoto, anakisukuma mbele kidogo kidogo, na kisu kidogo cha mkono wa kulia kinapita mbele ya kidole gumba bila kukigusa, mboga inadondoka kwenye beseni nyembamba ajabu, na wakati huohuo anabishana bei na mteja. Shu, yaani kabichi, anaikata vilevile. Mimi nilifundishwa hivyo na mama mkubwa, na ubao siutaki. Je, kisu kikali si hatari kwetu?

La pili: Bukavu mvua haikatiki, nyumba yetu iko Nguba karibu na maji, na kisu changu cha chuma cheusi kinashika kutu usiku mmoja. Nifanye nini?

Mpishi_Himbi

Yaya, wale mama nawavulia kofia, na sitamwambia mtu aliyekata hivyo tangu utotoni aanze kutafuta ubao. Kwa kukatia mkononi unataka kisu kidogo, chembamba, makali yaliyonyooka bila tumbo, kwa sababu yanapita sambamba na gumba. Na kiwe kikali. Mkono unajua nguvu unayoweka: kisu kikali kinahitaji kusukumwa kidogo, na kinasimama mahali ulipokisimamisha. Kilichobutu unakikandamiza, shina la mboga linagoma, ghafla linaachia, na hapo kisu kinakimbilia gumba. Uliza wale mama wa Kadutu wananoa mara ngapi. Nimewaona wakifanya hivyo kila asubuhi kabla ya kufungua kifundo cha kwanza.

Kutu: chuma cheusi, yaani cha kaboni bila kromiamu, kinataka kukaushwa palepale. Si baada ya kula, palepale, kwa kitambaa kikavu, halafu usikirudishe kwenye chombo chenye vijiko vilivyolowa. Ukikitumia kila siku kitapata rangi ya kijivu iliyochanganyika na buluu. Iache, usiikwangue kwa majivu, kwa sababu inapunguza kutu nyekundu. Kama hukitumii wiki nzima, kipake mafuta kidogo sana. Mafuta ya parafini ya duka la dawa, yale watu wanakunywa kwa ajili ya choo kigumu, ndiyo mazuri kwa sababu hayachachi. Mawese usipake, yataganda na kunuka.

FundiChuma_Kenya (Lubumbashi)

Jambo dada wa Goma. Mimi niko komine ya Kenya, mtaa wa hapa Lushi, kazi yangu ni vyuma. Umesema vizuri juu ya sumaku lakini umewasahau wahunzi wetu. Kisu kilichofuliwa kutoka lesori (springi) ya gari kinapita visu vingi vya mpini wa plastiki ya rangi rangi vinavyotoka mpakani Kasumbalesa. Chuma cha lesori kina kaboni karibu asilimia 0.6, kinagumishwa vizuri kabisa, na kimetengenezwa kuvumilia barabara zetu. Tatizo ni kwamba wengine wanafua visu kutoka nondo za kujengea nyumba. Nondo ina kaboni kidogo, hata uizamishe kwenye mafuta ikiwa nyekundu namna gani, haigumi.

Namna ya kujua: omba tupa kwa fundi, ipitishe polepole kwenye makali karibu na mpini. Kama tupa inateleza na kulia juu juu, chuma kimegumishwa. Kama inauma na kutoa unga wa chuma bila shida, hicho ni cha kupaka siagi. Muhunzi anayejua kazi yake hatakukatalia jaribio hilo.

Na jambo lingine ambalo naliona kila wiki. Watu wanapeleka kisu kizuri kwenye mashine ya duara, ile ya kukatia vyuma, moto unaruka, kijana anasema kimekwisha. Tazama ukingo: kama umegeuka rangi ya buluu, umefika joto la kama nyuzi 300. Kisu cha jikoni, baada ya kugumishwa, hupashwa tena taratibu kwa joto la karibu nyuzi 200 au chini yake, ili kisiwe cha kuvunjika kama chupa. Ukikipandisha mpaka buluu umekilainisha, na sehemu ile haitashika makali tena mpaka iondolewe yote kwa jiwe. Mwenye mashine anatakiwa kuwa na kopo la maji pembeni na kuzamisha kisu kila akipitisha. Kama hana kopo, chukua kisu chako uende.

Mwanafunzi_Ndendere (Bukavu)

Papa fundi, na vile visu vya Japani tunavyoviona kwenye video? Vinakata karatasi ikiwa hewani. Ni chuma gani?

FundiChuma_Kenya

Viko vingi mdogo wangu. Kimoja kinachojulikana sana kinaitwa VG-10, cha kiwanda cha Takefu. Kina kaboni karibu asilimia 1, kromiamu kama 15, na kobalti kama 1.5. Ndiyo, kobalti, hiyohiyo inayochimbwa Kolwezi na ambayo Kongo inatoa zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima. Siwezi kusema ya kisu fulani ilitoka kwetu, lakini nikikishika kisu kile nawaza wachimbaji wetu, na nasikia uchungu kwamba hapa Katanga hatuna kiwanda hata kimoja kinachouza kisu chenye jina letu.

Ugumu wa VG-10 kwenye kipimo cha Rockwell ni karibu 60. Vile vya Kijerumani ni kama 55 hadi 58. Unasikia tofauti ndogo, lakini jikoni ni kubwa: kigumu kinakaa makali muda mrefu, ila kikigonga mfupa kinameguka, kinapata mapengo. Laini kinakunjika tu, unakinyoosha. Kwa nyumba ambayo watoto, shangazi na wageni wote wanashika kisu kimoja, mimi ningechukua cha 56 bila kusita.

Nyama_Virunga (Goma)

Mimi nauza nyama soko la Virunga. Dada Himbi sijasikia ukitaja ile fimbo ya chuma tunayoning'iniza kiunoni. Mimi jiwe naligusa mara moja kwa wiki, fimbo naigusa kila baada ya wateja wachache. Na visu vyangu ni laini kwa makusudi. Cha Japani kingekufa mezani kwangu kabla ya saa sita, nyama ya ng'ombe wa Masisi ina mifupa.

Mpishi_Himbi

Kaka yangu uko sawa kwa kazi yako, na watu waelewe kwa nini. Makali ya chuma laini yakifanya kazi hayaliwi kwanza, yanalala upande. Fimbo inayasimamisha tena. Kwa hiyo kisu kinaonekana kimenolewa wakati hakuna chuma kilichoondoka, au kimeondoka kidogo sana. Siku inakuja ambapo makali yameisha kabisa, hakuna cha kusimamisha, na hapo fimbo haisaidii hata ukipiga namna gani. Jiwe ndilo linaloondoa chuma na kutengeneza makali mapya.

Nyumbani, mwenye fimbo aipitishe polepole, mara tatu nne kila upande kabla ya kupika, kwa pembe ileile ya jiwe. Ile mbwembwe ya kasi hewani waachieni wauza nyama, wao mikono yao imezoea. Na kama una kisu kigumu cha Japani, fimbo yenye mistari usiiguse, itakimegua.

Mama_Mapasa (Goma)

Dada tuonyeshe sasa kunoa kwenyewe. Nimenunua jiwe kwa wauza misumari, upande mmoja mweusi mbovu mbovu, mwingine laini. Nikinoa naona kisu kinapata mikwaruzo tu.

Mpishi_Himbi

Mama, hilo ndilo lenyewe. Upande wa kukwaruza ni wa kisu kilichokufa au chenye mapengo, upande laini ni wa kumalizia. Kama jiwe limeandikwa namba, kumbuka tu kwamba namba kubwa ni laini zaidi: 400 inakata sana, 1000 ndiyo ya kazi ya kila siku, 3000 kwenda juu ni ya kung'arisha. Mwenye 1000 peke yake amepata karibu yote.

Tumbukiza jiwe kwenye maji mpaka lisitoe mapovu tena. Tandika kitambaa kilicholowa mezani uliweke juu yake, lisikimbie. Weka kisu kikiwa kimelala, halafu inua mgongo. Hapa ndipo watu wanapotea, kwa hiyo pima. Kisu chenye upana wa sentimita 4.5 kutoka mgongoni hadi kwenye makali, mgongo uinuke sentimita 1.5 juu ya jiwe: hizo ni nyuzi karibu 20. Kile kidogo chenye upana wa sentimita 2, mgongo uinuke milimita 7 tu. Mwanzoni mimi nawapa watoto wa kazi sarafu au vipande vya katoni wavipange mpaka vifike kimo hicho, waegeshe kisu waone, kisha waondoe na kushika kwa mkono. Baada ya muda mkono wenyewe unakumbuka.

Sasa sukuma na kuvuta, vidole viwili vya mkono wa pili vikikandamiza ubapa juu ya sehemu inayonolewa. Endelea upande uleule. Usibadilishe badilishe. Baada ya muda pitisha kidole kwa upole upande wa pili, kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe si kufuata urefu wa makali. Utasikia kitu kinakwaruza kidogo, kama ukingo umekunjika. Ni chuma chembamba kilichosukumwa upande wa pili, na ndiyo alama kwamba umefika kwenye makali yenyewe. Uusikie mkunjo huo kutoka mpinini mpaka nchani, pasipo kuruka sehemu. Mikwaruzo unayoiona mama inakuja kwa sababu kisu kimelala mno: unanoa tumbo la ubapa, makali hayajaguswa.

Ukishausikia mkunjo urefu wote, geuza, fanya upande wa pili mpaka nao utoe mkunjo. Kisha upande laini wa jiwe, mkono mwepesi, mara moja huku mara moja kule, mpaka mkunjo uishe. Malizia kwa kuvuta kisu kinyumenyume kwenye gazeti lililokunjwa au mkanda wa ngozi wa zamani. Jaribu kwenye karatasi ya daftari, au weka kisu juu ya nyanya iliyoiva bila kukandamiza, uvute. Kikiingia kwa uzito wake mwenyewe, umemaliza.

Utaona tofauti kwenye kitunguu pia. Kisu butu kinaponda kitunguu badala ya kukikata, maji yake yanaruka na ile hewa inayochoma macho inatoka nyingi. Tangu nianze kuwanolea wasichana wa kikosi changu visu asubuhi, kilio kwenye beseni la vitunguu kimepungua sana.

Mwanafunzi_Ndendere

Na sisi wa vyumba vya kupanga ambao hata jiwe ni mzigo?

Mpishi_Himbi

Pindua kikombe au sahani ya udongo wa kauri. Chini kuna duara ambalo halikupakwa rangi ya kung'aa, linakwaruza ukiligusa. Loweka, shika pembe ileile, pitisha kisu hapo. Kwa kisu kidogo cha kumenyea kinafanya kazi kweli, ila si kwa kisu chenye mapengo. Mkiwa wapangaji watano changeni jiwe moja.

Lushi_Thomson (Lubumbashi)

Swali kutoka kwetu. Tunanunua samaki anayeitwa thomson akiwa barafu kabisa, na mke wangu anamgonga na kisu kikubwa nilichomletea. Sasa kina mapengo mawili karibu na ncha. Na makayabu, samaki wa chumvi, imekiachia vidoa vyeusi ingawa ni inoksi. Muuzaji alituapia kwamba hakitashika kutu milele.

Mpishi_Himbi

Shemeji, samaki wa barafu ni jiwe, usimkate kwa kisu chembamba. Mwache kwenye beseni mpaka kisu kiweze kuingia, au kama lazima iwe sasa, panga. Mapengo yanatoka: upande wa kukwaruza wa jiwe, noa urefu wote wa kisu mpaka makali yashuke chini ya pengo, usishughulikie pengo peke yake la sivyo utatengeneza bonde. Itachukua muda, fanyeni kwa awamu.

Vidoa vya makayabu ni chumvi. Inoksi inajilinda kwa utando mwembamba sana wa kromiamu iliyoungana na hewa, na chumvi ikikaa juu yake na unyevu inautoboa sehemu ndogo ndogo. Ndiyo maana vidoa ni nukta nukta. Kisu kikitoka kwenye makayabu, au kwenye limao na pilipili, kisuuzwe kabla hamjaendelea na upishi. Hiyo ya "milele" hakuna chuma cha jikoni kinachoiweza.

FundiChuma_Kenya

Naongeza kwa wa Lushi: mipini ya mbao. Kuanzia Mei mpaka Septemba hapa hewa ni kavu sana, mbao inasinyaa na misumari ya mpini inalegea. Mvua zikianza, maji yanaingia kwenye ule ufa na kutu inakula mkia ndani msikouona, mpaka siku kisu kinavunjikia mkononi. Pakeni mpini mafuta ya parafini, yaleyale ya duka la dawa, mwanzo wa kiangazi, mara mbili tatu, uache unywe. Na msiloweke kisu usiku kucha.

Yaya_Kadutu

Kuosha mtuambie pia. Kwetu vyombo vinasuguliwa kwa majivu na mchanga.

Mpishi_Himbi

Sufuria endeleeni kusugua, lakini kisu kipate sifongo na sabuni tu. Mchanga unayaharibu makali kwa kusugua mara moja kuliko nyama ingeyaharibu kwa siku nyingi. Na jambo ninalolisisitiza kuliko yote kwa wenye watoto na wasichana wa kazi: kisu kisiingie kwenye beseni la vyombo. Chini ya povu hakionekani, mkono unaingia kutafuta kijiko. Kwenye kikosi changu anayetumia kisu anakiosha mwenyewe, anakikausha, anakirudisha kwenye ala yake. Ala natengeneza kwa katoni ya sabuni: unakunja juu ya ubapa, unafunga kwa gundi ya karatasi, umemaliza. Makali hayagongani na vijiko kwenye droo, na mtoto akikishika anashika katoni.

Kuhusu mahali pa kukatia, kwa wasiokata mkononi: mbao au plastiki. Sahani, karo (kigae), kifuniko cha sufuria, meza ya inoksi, vyote vinaua makali kwa sababu ni vigumu mno kwa makali membamba. Hapa Goma mbao nyingi ni za mkaratusi. Zinafaa kama zilikauka vizuri kabla ya kupigwa randa. Zikiwa mbichi zitapinda na kupasuka mwishoni. Osha pande zote mbili, simamisha zikauke, usilaze. Nyama mbichi na saladi zisishiriki ubao mmoja.

Nyama_Virunga

Kweli hiyo ya beseni. Kwetu sokoni tuna ndoo ya visu peke yake, hakuna kitu kingine kinachoingia humo.

FundiChuma_Kenya

Dada, unavyoongea ni kama inoksi inamfaa kila mtu, na hapo sikubaliani nawe. Kisu cha kaboni kinanoleka kwa nusu ya muda, hata kwenye jiwe baya.

Mpishi_Himbi

Kinanoleka haraka, nakubali kabisa, na kwa nyama ndicho nachukua mwenyewe. Lakini jaribu kukata kwa chuma cheusi shu ya saladi ya harusi ya watu wengi, uiache saa mbili. Kingo zinageuka nyeusi, vitunguu pia, na bibi harusi hatakuuliza habari za kaboni. Kwa matunda, nyanya, limao na mboga za kuliwa mbichi, inoksi. Kwa nyumba yenye mtu mmoja anayejali na kukausha, chukueni cha muhunzi wenu bila wasiwasi.

Mama_Mapasa

Nimefanya kama ulivyosema na vipande vya katoni. Nyanya imekatika! Lakini jiwe langu limeanza kuzama katikati, kisu kinacheza pembeni. Ni baya?

Mpishi_Himbi

Hongera mama. Si baya, majiwe yote yanazama kwa sababu sote tunanoa katikati. Chora mistari ya penseli juu ya jiwe lote. Tafuta msasa wa kukwaruza, uulaze kwenye kioo au karo iliyonyooka, umwagie maji, usugue jiwe juu yake kwa kuzungusha. Penseli itafutika pembeni kwanza na kubaki katikati, hapo ndipo palipozama. Endelea mpaka mistari yote iishe, suuza mchanga wote, kisha jizoeshe kunoa hadi pembeni kabisa, si katikati peke yake. Ukiona limelika mpaka unaogopa, niandikie, kesho napita Katindo nina jiwe la ziada kwenye gari.